Sanduku la Posta la Marehemu Eliaichi

Haya alinisimulia mzee Elimringi, karani wa maziwa, wiki ya kwanza ya Kwaresma mwaka huu. Tulikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, umeme umekatika, kila mtu kaketi juu ya debe lake. Yale ambayo yeye hakuyaona kwa macho aliyapata kwa sajenti mwenyewe, nami nayatoa kama nilivyoyapokea.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya nne tangu mtoto Jesse avimbe koo. Sajenti Salvina Kavishe aliingia ofisi ya ushirika wa maziwa, kule juu Marangu, saa nane mchana, viatu vimelowa tope na kichwa kinamgonga. Siku tatu alikuwa amepanda na kushuka vijia vya migombani, akiuliza swali moja, na kila aliyeulizwa alimsukumia mwenzake. Daftari lake lilibakiza kurasa sita.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumanne, Dokta Loveness, daktari wa mifugo, alimchoma sindano ya penisilini ng'ombe wa nyumba namba 417, maana alishikwa na ugonjwa wa kiwele. Ng'ombe akichomwa sindano ile, maziwa yake hayapelekwi popote siku nne. Jumatano alfajiri yalipelekwa. Ndoo ya chekechea ya kanisani hujazwa na maziwa ya wa kwanza kufika, na wa kwanza alikuwa 417. Watoto ishirini na wanane walikunywa uji, ishirini na saba wakatoka kucheza. Jesse, ambaye mwili wake haupatani kabisa na dawa hiyo, alianguka na kikombe mkononi. Uji ulikuwa umechemshwa, lakini dawa ile haiishi kwa kuchemshwa. Sasa alikuwa hospitali Moshi mjini, anapumua, ila kwa kusaidiwa.

Nani hakuonya? Watu walikwisha kumpata wa kumlaumu: Loveness. Leseni yake ilikuwa imeshikiliwa, na kila asubuhi aliripoti kituoni na mtoto mchanga mgongoni. Jumatatu jalada lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka. Mkuu wa kituo alimwambia Salvina, "Nataka jina moja leo jioni. Kama huna lingine, litabaki hilo hilo."

Naye Loveness alikuwa na maneno yale yale tangu siku ya kwanza. "Nilibonyeza, afande. Mama mwenye nyumba alikuwa sokoni, jirani ndiye aliyenishikia kamba. Zamani ningefunga kitambaa chekundu mlangoni mwa zizi na kwenda zangu. Mwaka jana ushirika ukatukataza. Wakasema vitambaa ni mambo ya kale, sasa ni mtandao. Basi nikabonyeza."

Ofisini walikuwa wawili. Mzee Elimringi aliketi kando ya kompyuta kubwa ya zamani, iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi harusi. Mkabala naye alikuwa Praygod, fundi wa mambo ya kompyuta kutoka mjini, na mashine yake nyembamba magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umechoka mpaka unatia huruma."

"Nikikaa sitainuka," Salvina alisema, akakaa.

Praygod alikohoa. "Afande, mimi naomba tuanze na hiki chombo cha mzee. Programu iliyomo iliandikwa kabla sijaanza shule. Haijui simu, haijui mtandao. Ukiizima vibaya haiamki."

"Inaamka," Elimringi alisema bila kumtazama. "Miaka ishirini na minane inaamka. Ya kwako ina mwaka mmoja na imeshatuletea polisi."

"Nielezeni kama mnamweleza mtu asiyejua kitu," Salvina alisema. "Dokta akibonyeza, kinafuata nini?"

Praygod alieleza, na hapo alieleza vizuri. Orodha ya wanachama mia sita na kumi na wawili ilikuwa ndani ya mashine ya zamani. Kuihamisha yote ilikuwa hatari, majina yangepotea. Basi waliiacha ilipo, akajenga daraja. Dokta anaandika kwenye simu yake: ng'ombe wa 417, sindano, siku nne. Huduma iliyoko mtandaoni inavuka daraja na kuiuliza mashine ya zamani: 417 ni nani, na simu yake ni ipi? Mashine inajibu. Huduma inatuma ujumbe.

"Na Jumanne ilivuka?"

"Ndicho kilichonileta." Aligeuza kioo. Jumanne, saa tano na dakika saba asubuhi. 417. Umetumwa. Umepokelewa.

Salvina alisoma mara mbili. "Alhamisi ulikuwa umekaa kiti hicho hicho. Kwa nini hukunionyesha?"

"Uliniuliza kama mtambo ni mzima, nikasema mzima. Kumbukumbu hazikai hapa, zinakaa kwa wenye seva. Ruhusa ya kuzifungua nimeipata jana jioni."

Alishika kalamu, akaandika kwamba daktari hakusema uongo. Elimringi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti.

"Basi ni Gladness, mama wa 417," alisema taratibu. "Onyo kalipata, na maziwa kaleta. Na Gladness si mtu wa namna hiyo."

Salvina alifunga daftari. Mwanamke mmoja ametoka shimoni, na mwingine anatafutiwa ngazi ya kushukia. Akaondoka peke yake.

Nyumba namba 417 iko juu ya barabara, katikati ya migomba na mibuni. Gladness alikuwa anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Hakuacha panga alipomwona sajenti. Alikata vipande viwili zaidi, ndipo akanyoosha mgongo.

"Karibu, afande. Leo umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuona simu yako."

Akaitoa kifuani, simu ya vitufe iliyofungwa mpira. Salvina alipekua ujumbe wote. Jumanne kulikuwa na tangazo la bahati nasibu na salamu za kwaya.

"Umefuta kitu?"

"Hata kufuta sijui. Mtoto ndiye anayenifutia."

"Mumeo yuko wapi?"

"Eliudi yuko mlimani na wageni tangu Jumatano."

"Jumanne simu yake ilikuwa wapi?"

"Kwa fundi wa simu, kioo kilipasuka. Aliichukua Jumatano, akapanda nayo."

Hapo Salvina alisimama kidogo. Simu ya mume mikononi mwa fundi siku ile ile, onyo likapokelewa na mtu asiye na ng'ombe. Lingekuwa jibu zuri, na angeweza kurudi nyumbani. "Namba ya Eliudi inaishia na ngapi?"

"Thelathini na nne. Yangu, hamsini na moja."

Aliziandika zote mbili, kisha akatazama zizi. "Ng'ombe huyu ni wa nani?"

"Wa baba."

"Baba yupi?"

Gladness alielekeza kidevu kwenye kaburi la vigae lililokuwa mibunini. Eliaichi, 1931 hadi 2003. "Kila kitu hapa ni cha baba. Sisi tunatunza tu. Eliudi ni kitinda mimba, ndiye aliyeachiwa nyumba."

"Na Jumatano ulijua maziwa yanakwenda chekechea?"

"Wa kwanza huwa anajaza ndoo yao, nani asiyejua? Mwanangu yuko chekechea ile ile, afande. Alikunywa vikombe viwili." Aliokota panga. "Jirani aliniambia tu daktari amepita. Ningejua, ningempa?"

Salvina aliweka daftari mfukoni. Alishuka hadi njia panda, akampigia Praygod.

"Namba iliyopokea inaishia na ngapi?"

"Sitini na tisa."

Si ya mke. Si ya mume. Alirudi ofisini kwa mguu, na kila jiwe la njia alilijua kwa unyayo.

"Mzee," alisema mlangoni, "nionyeshe 417. Si kwenye mashine ya Praygod. Kwenye yako."

Elimringi alikunja kitambaa cha kudarizi mara nne, akakiweka kando. Mashine iliguna, ikanyamaza, ikaguna tena. Maandishi meupe yakatokea kwenye weusi. JINA: ELIAICHI. HALI: MWANACHAMA HAI. Chini yake, S.L.P., na hapo palikuwa na tarakimu kumi zinazoishia na sitini na tisa.

"Sanduku gani la posta lina tarakimu kumi?"

Elimringi alimtazama Praygod. Praygod alitazama dari.

"Programu haina mahali pa kuandika simu," fundi alisema. "Ukiongeza mahali papya inavunjika. Nikamwambia mzee aziweke pasipotumika. Siku hizi nani anaandika barua?"

"Na jina la marehemu?"

"Namba ni ya kihamba, shamba la ukoo, si ya mtu," Elimringi alisema. "Mtu akifa kihamba hakifi. Ukimfuta baba kwenye orodha unamfukuza kwake. Hakuna mtoto aliyewahi kuja kuniomba hivyo."

"Hizi simu mlizipataje?"

"Nilitangaza kanisani baada ya ibada, na kwa Wakatoliki ikatangazwa kwenye jumuiya. Kila nyumba ilete namba moja. Wakaleta."

"Namba ya nani?"

Swali lilimshangaza mzee, kama mtu aliyeulizwa maji hutiririkia wapi. "Ya mkubwa wa nyumba, mwanangu. Ya nani tena? Kaka mkubwa yupo hai, halafu utoe ya mke wa kitinda mimba? Huko ni kumtukana."

Salvina alipiga sitini na tisa, akaweka sauti wote wasikie. Iliita muda mrefu. Nyuma ya sauti iliyopokea kulikuwa na msumeno unaokata chuma.

"Halo, nani?"

"Sajenti Salvina, polisi Kilimanjaro."

"Juzi mlinitumia ng'ombe, leo mnanitumia polisi. Nyie watu mna bidii."

"Ng'ombe gani?"

"Si ujumbe wenu? Ndugu Eliaichi, ng'ombe wako amechomwa sindano, usilete maziwa siku nne. Baba yangu nimemzika kwa mikono hii. Nikajua matapeli. Kesho yake wangeniomba hela ya dawa. Nikafuta."

Elimringi aliisogelea simu. "Ebenezeri. Ni mimi, Elimringi wa maziwa."

Msumeno ulizimwa. "Meku, mzee wangu? Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe yupo, baba. Ni wa kwenu. Gladness anamkamua."

"Mimi nilidhani aliuzwa Krismasi." Kisha, kwa sauti nyingine, "Kuna nini huko?"

Mzee alimweleza habari za mtoto, polepole, bila kumlaumu. Ebenezeri, kaka mkubwa wa Eliudi aliyeko Dar es Salaam, aliuliza jambo moja tu, mtoto yuko wodi gani, akashukuru, akakata.

Hapo kazi ya sajenti ilikuwa imekwisha. Angeweza kuandika, kuvua viatu, kungoja gari. Alikuwa ameshafungua daftari aliposikia mdomo wake mwenyewe unauliza, "Tangu Loveness asimamishwe, kuna onyo lingine lililotumwa?"

Praygod alibonyeza. "Moja. Leo saa tatu asubuhi, na yule daktari aliyekuja kushika nafasi yake. Ng'ombe wa 388. Siku nne. Umepokelewa." Akasogeza kidole kwenye kioo. "Inaishia na kumi na mbili."

Elimringi hakutazama mashine yoyote. "388 ni kwa Ndelilio, chini ya mfereji. Hiyo ni ya Calvin, mwanawe. Yuko Mombasa."

"Bibi ana simu?"

"Hana."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Mapokezi ya maziwa ya jioni hufunguliwa saa kumi na nusu, na yakishamwagwa kwenye tangi kubwa hakuna wa kuyatenganisha.

"Wewe kaa kwenye mapokezi," Salvina alimwambia Praygod. "388 asimwage."

"Nitamjuaje? Mimi nawajua kwa namba."

"Ndoo ya bluu, mfuniko wa kitenge," Elimringi alisema. Alikuwa ameshaingiza mguu mmoja kwenye buti la mvua.

Mzee wa miaka sitini na minane alimtangulia kupita ukingo wa mfereji, na sajenti alifuata, akiteleza, akishika migomba. Walimkuta Ndelilio kwenye kivuko cha magogo, ndoo ya bluu kichwani, anatembea kama mtu aliyeipita njia hiyo miaka hamsini bila kumwaga.

"Shikamoo, bibi," Salvina alisema, pumzi haitoshi.

"Marahaba. Mbona mnakimbia kama mmefukuzwa msibani?"

"Ng'ombe wako amechomwa sindano leo?"

"Amechomwa, asubuhi. Yule kijana aliniambia nisubiri, nitaletewa habari kwenye simu kama maziwa ni mabaya. Nikamwambia mimi sina simu. Akasema usijali, bibi, mtandao unakujua." Ndelilio aliishusha ndoo kwa mikono miwili. "Nimengoja mchana kutwa. Habari haikuja. Nikajua ni salama."

Elimringi aliangalia chini. Salvina alimweleza bibi kwa maneno machache: mtoto wa chekechea, sindano, habari iliyokwenda Mombasa. Ndelilio alisikiliza mpaka mwisho, akaondoa kile kitenge, akakikung'uta.

"Vidole vyangu hivi vimekamua saa nzima," alisema. Kisha akayamwaga mwenyewe kwenye shina la mgomba, taratibu, mpaka tone la mwisho. "Na huyo Calvin, akipiga, mwambieni mama yake yupo."

Walirudi ofisini jua likiwa limeingia nyuma ya mlima. Salvina aliandika kwenye kurasa zilizobaki. Onyo lilitumwa. Lilipokelewa. Halikufika kwa mkono unaokamua. Mkuu wake alipopiga, alimsomea hivyo hivyo.

"Nilikuomba jina."

"Ninayo mia sita na kumi na mawili, afande. Mengine ni ya marehemu."

Upande wa pili karatasi ikageuzwa. "Na daktari?"

"Daktari alibonyeza. Uthibitisho ninao, saa na dakika."

"Lete Jumatatu. Jina lake lifute."

Praygod alikuwa amefunga ule mlango wa ujumbe mpaka kila nyumba ipitiwe upya, zizi kwa zizi. Alikaa kando ya Elimringi mbele ya maandishi meupe, kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kubishana.

"Mzee, hapa chini pameandikwa Teleksi. Panatumika?"

"Hapajawahi."

"Basi tuweke hapo namba ya anayekamua. Ya mkubwa ibaki ilipo. Huduma nitaifundisha iulize zote mbili."

"Na asiye na simu?"

Elimringi alivuta droo ya chini kabisa. Ndani kulikuwa na vitambaa vyekundu, vimefuliwa, vimekunjwa, vimepangwa kama leso za madhabahuni.

"Waliniambia nivichome," alisema. Akachukua kimoja kwa ajili ya mlango wa Ndelilio, akatoka nacho, na alipokwisha kukifunga alikwenda kwake, akanywa mtori, supu yake ya ndizi, uliopoa, akalala na buti moja mguuni. Hapo alinicheka, alipoona nayaandika haya akilini.

Salvina alimpigia Loveness. "Jumatatu usije kuripoti. Jalada linaondoka bila jina lako. Na hospitali wanasema Jesse ametolewa mashine, ameomba chai."

Loveness akanong'ona, "Ngoja nisilie, afande. Mtoto ndiyo kwanza kalala." Na baada ya kidogo, "Nami nitalala."

Praygod naye aliondoka na pikipiki kurudi mjini. Gari la polisi lilikuwa halijafika. Salvina alikaa kwenye benchi la mapokezi, akavua viatu, akapekua simu yake kutafuta kama dereva ameandika. Akapita juu ya ujumbe mmoja wa Alhamisi, kisha kidole kikarudi. Ndugu Sylvanus Kavishe, maji yatafungwa Mkuu, Rombo, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Tafadhali hifadhi ya kutosha. Alikuwa ameusoma Alhamisi hiyo hiyo akipanda mlima, akaupita. Sylvanus alikuwa marehemu baba yake, na Salvina ndiye mtoto wake wa kwanza.

Akapiga Rombo.

"Mama, shikamoo. Una maji?"

"Marahaba. Ninayo mapipa mawili. Jirani alipiga kelele tangu juzi, toka ng'ambo ya mfereji."

"Mimi habari nililetewa Alhamisi."

"Najua. Habari zako wewe huwa unazileta Krismasi." Mama hakusema kwa ubaya. "Umekula?"

"Bado."

"Basi lala. Sauti yako imeshatangulia."

Mama alikata, akapuliza taa yake, akalala. Salvina aliweka simu ndani ya kiatu ili isianguke, akafungua daftari kuandika namba ya mama yake kwenye ukurasa wa sita, wa mwisho. Aliandika tarakimu zote, akazihakiki, akaegemeza kichwa ukutani, kwenye ubaridi wa tangi la maziwa. Akalala.